Hertz: jina la ukoo tunalolitaja kila siku katika redio

Kila asubuhi mtangazaji wetu anapofungua vipindi anataja jina la redio, anataja namba, halafu anamaliza na neno "megahertz". Tumelisikia tangu utoto, kwenye posti za wazazi wetu, tukadhani ni neno la mafundi tu. Sehemu ya kwanza, "mega", inatoka katika Kigiriki na maana yake hapa ni milioni. Sehemu ya pili ni mtu. Ni jina la ukoo mmoja wa Hamburg, Ujerumani, na ukoo huo una historia ambayo sisi tunaohubiri kwa njia ya redio tunapaswa kuijua.

Tuanze na maana. Kwa Kijerumani moyo ni Herz. Hertz, pamoja na ile t, ni namna ya zamani ya kuandika. Kati ya Wayahudi wa Ujerumani lilikuwa pia jina la kumpa mtoto, kabla ya kuwa jina la ukoo. Ukoo tunaousimulia ulikuwa wa Kiyahudi. Mwaka 1834 babu na bibi waliingia kanisa la Kiluteri wakabatizwa pamoja na mtoto wao, aliyekuwa na miaka saba. Mtoto huyo, Gustav Ferdinand, akakua, akasomea sheria, akafanya kazi ya mahakama, akaoa binti wa daktari wa jeshi, na mwaka 1887 akawa seneta wa mji wa Hamburg. Tuuweke moyoni mwaka huo 1834, maana baada ya miaka mia moja watu watarudi kuutafuta katika vitabu.

Mtoto wake wa kwanza, Heinrich Hertz, alizaliwa tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa kijana wa akili za pande mbili. Alipenda lugha, hata Kiarabu alijifunza, na mikono yake ilipenda mbao na chuma: alijua kazi ya useremala na mashini ya kuchongea. Hilo la mikono tusilidharau, kwa sababu vyombo vilivyompatia sifa alivitengeneza mwenyewe. Alianza kusomea uhandisi, akaona hapana, akageukia fizikia, na mwaka 1880 akapata udaktari Berlin chini ya profesa Helmholtz, mmoja wa wakubwa wa wakati ule.

Wakati ule kulikuwa na swali lililowasumbua wataalamu. Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell, alikuwa ameandika kwa hesabu tupu kwamba umeme na sumaku vikitikisika pamoja vinatoa mawimbi, na mawimbi hayo yanakwenda kwa mwendo wa nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa maneno mengine, nuru yenyewe ingekuwa aina moja ya mawimbi hayo. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyekuwa ameyatengeneza mawimbi hayo na kuyapima. Maxwell akafa mwaka 1879 bila kuyaona. Mwaka huohuo Helmholtz alimshauri kijana Hertz ajaribu swali la upande huo. Hertz akapiga hesabu, akaona vyombo vilivyokuwepo havitoshi, akaliacha.

Alilirudia akiwa profesa Karlsruhe, kati ya mwaka 1886 na 1888. Alichofanya ni rahisi kueleza. Alichukua waya mbili zilizonyooka, akazielekeza moja kwa nyingine, akaacha nafasi ndogo katikati, na kwenye miisho ya nje akaweka mipira mikubwa ya zinki. Alipopitisha umeme wenye nguvu, cheche iliruka katika ile nafasi, na umeme ukakimbia huku na huku kwa kasi ya ajabu, mamilioni ya mara kwa sekunde. Mbali na hapo aliweka duara la waya lisilounganishwa na kitu chochote, nalo lina nafasi ndogo kabisa. Kama Maxwell alisema kweli, kitu kingetoka kwenye cheche ya kwanza, kivuke hewa, kiamshe cheche ya pili katika lile duara.

Cheche ya pili ilitokea. Ilikuwa ndogo mno, nyembamba kuliko unywele, na ili kuiona ilimpasa akae gizani muda mrefu mpaka macho yazoee. Mwenye hamu ya kujua redio ilianzia wapi, ilianzia hapo, katika chumba chenye giza, mtu mmoja amekodoa macho akitafuta cheche.

Lakini kuona cheche haikumtosha, na hapa ndipo tunapompenda zaidi. Alitaka kuonyesha kwamba ni mawimbi kweli, kama yale ya ziwani jiwe linapotupwa majini. Akasimamisha bati la zinki ukutani ili mawimbi yagonge na kurudi, akatembeza lile duara hatua kwa hatua, akaona mahali cheche inapokuwa kubwa na mahali inapokufa. Kwa kupima umbali wa mahali hapo akapata urefu wa wimbi. Akakunja mabati, yaani manjanja tu, yakawa kama vioo vya kukusanya mawimbi. Akatengeneza kipande cha lami ngumu chenye pembe tatu, uzito wake ulipita nusu tani, akapitisha mawimbi ndani yake, yakapinda kama nuru inavyopinda katika kioo. Kila kitu nuru inachofanya, mawimbi yake yalifanya pia. Katika kazi hiyohiyo, mwaka 1887, aligundua pasipo kutafuta kwamba mwanga wa cheche ya kwanza unaisaidia cheche ya pili kuruka. Akaandika alichokiona, akasonga mbele. Einstein alikuja kulieleza jambo hilo mwaka 1905, na ni kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel.

Na redio? Hertz hakuifikiria. Mwaka 1889 mhandisi mmoja alimwandikia kuuliza kama mawimbi haya yangeweza kubeba sauti ya simu. Akajibu kwamba mitikisiko ya simu ni ya polepole mno, mawimbi yake yangekuwa marefu sana, na kuyaelekeza kungehitaji vioo vikubwa kama bara zima. Kwa hesabu yake alisema kweli. Siri waliyoipata wengine baadaye ni kubeba sauti ya polepole juu ya wimbi la haraka, kama mtu mzee anavyopanda pikipiki. Ndivyo inavyofanya redio yetu. Redio ya FM kwenye megahertz 100 inatikisa umeme katika antena mara milioni mia moja kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa meta tatu, na sauti ya mhubiri inasafiri juu yake.

Hertz hakuishi kuona hayo. Mwaka 1889 alihamia chuo kikuu cha Bonn, na mwaka 1892 ugonjwa ulimshika. Walimpasua mara kadhaa. Alipoona mwisho unakaribia aliwaandikia wazazi wake wasilie sana kwa ajili yake. Akafa tarehe 1 Januari 1894, miaka 36 tu, akiacha mke, Elisabeth, na mabinti wawili wadogo, Johanna na Mathilde. Mwaka huo kijana wa Italia, Guglielmo Marconi, alisoma habari za kazi yake na kuanza majaribio nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1901 alituma ishara kuvuka bahari ya Atlantiki.

Kitabu cha mwisho cha Hertz, juu ya misingi ya mekanika, kilitoka baada ya kifo chake. Aliyekitayarisha ni msaidizi wake wa Bonn, Philipp Lenard. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Ukoo haukuishia kwa Heinrich. Mtoto wa ndugu yake, Gustav Hertz, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1887, akawa naye mtu wa fizikia. Mwaka 1914, yeye na rafiki yake James Franck walipitisha elektroni ndani ya mvuke wa zebaki, wakiongeza nguvu ya umeme kidogo kidogo. Mpaka karibu volti 4.9, elektroni zilipita zikigonga atomu na kuruka bila kupoteza kitu. Zilipofika hapo, ghafla zilipoteza nguvu yote. Maana yake atomu haipokei nguvu kama mtungi unavyopokea maji tone kwa tone. Inapokea kipimo kamili au inakataa. Niels Bohr wa Denmark alikuwa ametoa wazo la namna hiyo mwaka uliotangulia, na jaribio la Franck na Hertz likawa ushahidi wake. Mpaka leo wanafunzi wa vyuo vikuu wanalirudia kwa jina hilo. Vita ikaja, Gustav akajeruhiwa vibaya mwaka 1915, akapona. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Hivyo jina lilikuwa limepanda juu sana. Na miaka ya 1930 tume ya kimataifa ya mambo ya umeme iliamua kwamba hesabu ya mitikisiko kwa sekunde iitwe hertz. Mtikisiko mmoja kwa sekunde ni hertz moja. Umeme wa nyumbani kwetu, siku unapokuwepo, ni hertz 50. Sikio la kijana mwenye afya linasikia kuanzia hertz 20 mpaka karibu 20,000. Kwa ufupi inaandikwa Hz, na H ni kubwa kwa sababu ni ya mtu.

Lakini katika miaka hiyohiyo, nchini mwake, jina hilo lilianza kuwindwa. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafukuza katika kazi za serikali watu "wasio Waaria", na siku chache baadaye ikaelezwa kwamba babu au bibi mmoja tu Myahudi anatosha kumharibia mtu. Gustav Hertz alikuwa na babu wa namna hiyo: yule mtoto aliyebatizwa akiwa na miaka saba, yule seneta. Miaka 99 ya Ukristo katika nyumba ile haikuhesabiwa. Kwa sababu alipigana vitani alivumiliwa kidogo, halafu akanyang'anywa haki ya kuwatahini wanafunzi, na kufika mwaka 1935 alikuwa ametoka chuoni na kwenda kufanya utafiti katika kampuni ya Siemens. Rafiki yake Franck, Myahudi, naye alikuwa askari wa zamani, kwa hiyo sheria ilimruhusu kubaki. Akakataa. Alijiuzulu mwenyewe mwaka 1933, hadharani, akaondoka nchini.

Mathilde, binti mdogo wa Heinrich, alikuwa mtaalamu wa tabia za wanyama huko Berlin. Alichunguza namna nyuki wanavyoona maumbo. Mwaka 1933 akanyimwa ruhusa ya kufundisha chuo kikuu. Profesa mzee Max Planck alimtetea mbele ya wakubwa, akakumbusha yeye ni binti wa nani, ikamsaidia abaki kwenye taasisi yake kwa muda. Mwaka 1936 akaenda Cambridge, Uingereza. Mama yake na dada yake wakaishi huko pia. Kazi yake ya utafiti ikazimika, akaishi katika umaskini mpaka alipokufa mwaka 1975. Mjane wa mtu aliyeipa Ujerumani mawimbi ya redio alimaliza siku zake ugenini.

Sasa tulitaje kanisa, maana tukinyamaza hapa tutakuwa tumeficha jambo. Serikali ilihitaji kujua nani ana babu Myahudi, na jibu lilikuwa katika vitabu vya ubatizo. Watu kwa maelfu walikwenda parokia kuomba hati za kuonyesha babu zao walibatizwa lini na walitoka wapi, na wachungaji na makarani wakaziandika. Kitabu kilichomwandika mtu kuwa ndugu katika Bwana ndicho kilichomtaja kuwa mgeni. Tena mwezi wa Septemba 1933 sinodi ya kanisa la Prussia ilikubali sheria hiyo ya damu ndani ya kanisa lenyewe: mchungaji wa asili ya Kiyahudi, hata mwenye mke wa asili hiyo, asitumike. Wapo waliosimama kukataa. Mwezi huohuo Martin Niemöller aliwaita wachungaji waungane kupinga, na wengi waliitika. Lakini sinodi ilikuwa imekwisha kupiga kura. Sisi tunaotumika katika nchi ambamo mtu anaulizwa jina la ukoo kabla ya kupewa kiti, tusome habari hiyo polepole.

Na Lenard? Mwaka 1905 alipata tuzo ya Nobel. Baadaye akawa mfuasi mkali wa Hitler na kiongozi wa wale waliotaka "fizikia ya Kijerumani" isiyo na Wayahudi. Hapo akakutana na taabu: mwalimu wake mwenyewe, aliyemsifu na ambaye kitabu chake alikitengeneza, alikuwa na damu ya Kiyahudi. Afanyeje? Akamkata marehemu vipande viwili. Akadai kwamba majaribio mazuri yalitoka kwa damu ya mama, na nadharia ya kile kitabu cha mwisho ilitoka kwa damu ya baba. Tumesoma upuuzi mwingi juu ya makabila, hata kwetu, lakini huu wa kugawa akili ya mtu mmoja kwa kisu umetushangaza zaidi, kwa sababu aliyeutamka alikuwa msomi mkubwa.

Katika jumba la mji wa Hamburg sanamu ya uso wa Heinrich Hertz iliondolewa. Taasisi ya Berlin iliyofanya utafiti wa mitikisiko na kuitwa kwa jina lake ikapewa jina lingine. Likatoka hata shauri la kubadilisha kipimo chenyewe: badala ya hertz kiitwe Helmholtz, kwa kuwa herufi Hz zingeweza kubaki vilevile. Tazama ujanja huo. Profesa aliyemlea Hertz angetumiwa kumfunika.

Shauri hilo halikufika popote. Dunia ilikuwa imekwisha kupokea neno. Na wakati huohuo serikali ile ilikuwa inauza redio za bei ndogo, tangu Agosti 1933, ili kila nyumba ya Mjerumani isikie hotuba zake. Chuki dhidi ya watu kama Gustav na Mathilde ilisambazwa kwa mawimbi ambayo vitabu vya fizikia viliyaita mawimbi ya Hertz. Mawimbi hayachagui yanachobeba. Jirani zetu wa Rwanda walisikia RTLM mwaka 1994, na sisi tulioko upande huu wa mpaka tuliona wakimbizi, kwa hiyo hatuhitaji kueleza zaidi.

Baada ya vita Gustav alipelekwa Urusi ya Stalin, akafanya kazi ya kutenganisha aina za urani karibu na Sukhumi, kando ya Bahari Nyeusi. Franck alikuwa upande wa pili, Chicago, katika kazi ya bomu la Marekani, bomu ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, kwetu Katanga. Mwaka 1945 Franck aliongoza wataalamu walioiandikia serikali ya Marekani kuishauri isiwatupie Wajapani bila kuwaonya. Haikusikiliza. Gustav alirudi Ujerumani ya Mashariki mwaka 1954, akafundisha Leipzig, akafa mwaka 1975. Sanamu ya Heinrich ilirudishwa Hamburg, na mnara mrefu wa televisheni wa mji huo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1960 mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa ukathibitisha hertz kwa nchi zote. (Msomaji aliyeona neno Hertz kwenye magari ya kukodi ya uwanja wa ndege asichanganye. Huyo ni John Hertz wa Marekani, mtu mwingine kabisa.)

Amebaki mmoja. Gustav alikuwa na mtoto, Carl Hellmuth Hertz, aliyezaliwa Berlin mwaka 1920. Wakati wa vita alikuwa mfungwa mikononi mwa Wamarekani, baadaye akapata kazi katika chuo kikuu cha Lund, Sweden. Huko daktari wa moyo, Inge Edler, alimwendea na shida. Aliwatibu watu waliokuwa na valvu za moyo zilizoharibika, lakini hakuwa na njia ya kuona valvu bila kupasua kifua. Carl Hellmuth alijua kwamba viwanda vya meli vinatumia sauti kali isiyosikika na sikio ili kutafuta nyufa ndani ya chuma: sauti inaingia, inagonga ufa, inarudi kama mwangwi. Wakaenda kwenye kiwanda cha meli cha Malmö kujaribu mashini ya huko. Kisha Siemens, kampuni ile iliyompokea baba yake alipofukuzwa, ikawakopesha mashini bora, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakachukua kwa mara ya kwanza picha ya mwendo wa moyo wa mtu aliye hai.

Leo tunaiita ekografia ya moyo. Daktari anampaka mgonjwa mafuta kifuani, anaweka kifaa, na kwenye skrini valvu zinaonekana zikifunguka na kufungwa. Kwa mtu mzima kifaa hicho kinatikisika kati ya megahertz 2 na 5 hivi. Namba inaandikwa pembeni ya picha, na mbele yake MHz, ile H kubwa ya mtu wa Hamburg, ambaye jina lake kwa Kijerumani ni moyo.